Tahadhari ya mvua ikitangazwa Tanga, wewe wa Mombo uliza kwanza Soni kukoje

Dada mmoja wa Mombo kaniandikia, nimefupisha kidogo: "Shikamoo mzee wangu. Mimi nakaa Mombo, nyumba yetu iko jirani na mto unaoshuka kutoka Soni, na mama mkwe wangu anaishi huko huko juu Soni. Masika iliyopita kwenye redio walitangaza angalizo la mvua kubwa mkoa wa Tanga, tukapandisha magunia ya mpunga juu ya meza, tukakesha, hata tone halikudondoka. Kama wiki mbili mbele hatukusikia tangazo lolote, mchana jua kali mpaka nikaanika mahindi, saa mbili usiku maji yakaingia ndani yakafika magotini. Sasa mzee haya matangazo tuyaamini vipi? Na mdogo wangu yupo Marekani, Colorado, anasema kule mafuriko yakija simu inapiga kelele yenyewe na theluji wanaambiwa mapema. Sisi inakuwaje?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Maji ya magotini usiku na watoto wamelala sio kitu kidogo, nashukuru mmetoka wote. Nitakujibu kwa urefu maana swali lako ndo swali la watu wote wanaokaa chini ya Usambara, kuanzia Mkomazi, Mombo, Korogwe mpaka bonde la Lwengera, na upande wa pili huko Muheza na Mkinga.

Nianze na hiyo siku ya jua. Mimi kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kusoma vipimo vya mito huku kwetu, ile rula ndefu ya chuma inayosimamishwa mtoni yenye namba, unaenda asubuhi unaenda jioni unaandika kwenye daftari. Kuna jioni moja nilikuwa kwenye daraja chini ya mlima, anga safi, nyota zimeanza kutoka, mto uko chini kabisa watoto wanavuka kwa miguu. Kitu cha kwanza kubadilika ilikuwa sauti, nikasikia kama mtu anaburuza gunia la mawe kwa mbali. Halafu ikaja harufu ya udongo mbichi. Nikamulika tochi nikaona majani makavu na vijiti vinapita vingi vimebanana, maji yenyewe bado hayajapanda sana ila yameshakuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikawapigia kelele wale watoto watoke. Nikainama niandike namba, nilipoinua kichwa ile namba niliyoandika ilishazama. Na kwangu pale hata tone la mvua halikudondoka usiku ule, mpaka asubuhi vumbi lilikuwa vumbi.

Kwahiyo ulichokiona wewe sio ajabu na wala sio mkosi. Mombo iko chini, mita 400 na kitu tu kutoka usawa wa bahari, Soni iko juu yako zaidi ya mita 600, na Lushoto mjini ni kama mita 1,400, huko Magamba na Shume ndo juu zaidi. Upepo unatoka bahari ya Hindi umebeba unyevu, unatembea kwenye tambarare bila shida, ukifika Usambara unakuta ukuta. Hauna pa kupita zaidi ya kupanda juu, na hewa ikipanda inapoa, ikipoa haiwezi tena kubeba maji yote yale, yanadondoka. Ndo maana Amani pale juu ya Muheza wanapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka na nyie Mombo mlio nyuma ya mlima mnapata kidogo sana mpaka mpunga wenu mnalima kwa mifereji. Mlima unawanyima mvua lakini maji ya mvua hiyo hiyo unawatumia kwa njia ya mto, na mara nyingine unayatuma yote kwa mpigo.

Fanya hesabu uone. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 50, ambayo ndo kiwango ambacho TMA, yani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wanakiita mvua kubwa ikinyesha ndani ya masaa 24, ikidondoka kwenye kilomita moja tu ya mraba ni lita milioni 50. Yale maboza ya maji ya lita elfu kumi, hesabu maboza elfu tano. Hiyo ni kilomita moja ya mraba, na mto wako unakusanya kutoka kwenye makumi ya kilomita za miteremko ya Lushoto na Soni, mingi haina miti tena ni mashamba ya viazi na kabichi. Sio yote yatafika kwako, mengine ardhi inakunywa, lakini ardhi ikishalowa kwa siku kumi mfululizo haina tena kiu.

Hapo naomba umuulize mama mkwe kitu kimoja: ile siku ya angalizo mliyokesha bure, kwake juu ilikuwaje? Sitashangaa akikwambia kulinyesha. Tangazo lilikuwa la mkoa, na mvua iliyokosekana kwenye bati lako inawezekana kabisa ilikuwa kwenye bati lake, ikanyesha taratibu, ardhi ikameza, mto ukapanda kidogo usiku bila nyie kujua. Halafu ile ya wiki mbili mbele ikakuta ardhi imeshiba, ikateleza yote. Ndo maana nasema angalizo moja halipimwi kwa usiku mmoja, likitoka na msione chochote huko chini, chukulia kwamba mlima unajazwa.

Sasa tuje kwenye tangazo lenyewe maana wengi wanalisikia nusu. TMA kila siku wanatoa utabiri wa hali mbaya ya hewa wa siku tano. Una rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa, na siku isiyo na kitu wanaandika hakuna tahadhari. Chini ya kila siku wameandika vitu viwili ambavyo watangazaji wengi wanaviruka na watu kwenye magrupu ya WhatsApp wanavikata wakituma picha ya ramani peke yake. Kimoja ni kiwango cha uwezekano wa kutokea, kingine ni kiwango cha athari zinazoweza kutokea. Rangi inatokana na hivyo viwili kwa pamoja. Kwahiyo njano inaweza kuwa ni jambo lenye uwezekano mdogo lakini likitokea litaumiza, na inaweza kuwa ni jambo ambalo karibu litatokea ila madhara yake ni ya kawaida, makazi kuzungukwa na maji, shughuli kusimama. Ni njano mbili tofauti kabisa, wewe wa jirani na mto ile ya kwanza ndo ya kuogopa zaidi, na huwezi kujua ni ipi mpaka usome yale maneno ya chini.

Halafu kuna jambo la majina ya maeneo, hili limeumiza watu wa milimani. Kwenye utabiri nchi imegawanywa kwa kanda, na mkoa wa Tanga uko kwenye pwani ya kaskazini, pamoja na Dar es Salaam, Pwani na Mafia yake, Unguja na Pemba. Nyanda za juu kaskazini mashariki ni Arusha, Manyara na Kilimanjaro. Yani mtu wa Shume anayevaa sweta mwezi wa saba, kwenye karatasi anasomwa pamoja na mtu wa Mafia. Kwa mvua ina mantiki yake, wote wanapata masika kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano na vuli kuanzia wa kumi mpaka wa kumi na mbili na unyevu unatoka bahari ile ile. Ila mama wa Soni akisikia redio inasema "ukanda wa pwani ya kaskazini" anazima anaendelea kumenya maharage, anajua wanaongelea wavuvi. Mwambie mama mkwe akisikia pwani ya kaskazini na mkoa wa Tanga, ni yeye. Na wewe ukisikia, ni yeye kwanza halafu wewe.

Mbona hawasemi tu Soni saa kumi jioni? Chukua mwembe ulioiva. Wewe unaujua mwembe wako, umeona matunda yamekuwa ya njano na upepo umeanza, unaweza kusema bila wasiwasi usiku huu maembe yatadondoka. Lakini huwezi kusema lipi litaanza na litaangukia bati la nani. Mvua za radi za jioni milimani ziko hivyo, wingu moja linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, na mkoa wetu una zaidi ya kilomita za mraba 26,000, kuanzia Kilindi mpaka Mkinga. Kompyuta zinaona kwamba hali imeiva, setilaiti inaona wingu likishaota, ila tone la kwanza linadondoka wapi hilo linajulikana likishadondoka. Rada nayo mlima unaizuia, haioni vizuri nyuma yake. Ila mvua ya mfumo mkubwa, kama ile ya vuli ya 2019 iliyoua watu na kukata barabara Korogwe na Handeni mwezi wa kumi, au za El Nino 2023 zikaendelea mpaka masika ya 2024 ambapo Waziri Mkuu alisema bungeni watu 155 wamefariki nchini, hizo zinaonekana mapema zaidi, na ukisikia msimu umetabiriwa kuwa juu ya wastani ujue kila angalizo la mwaka huo lina uzito zaidi.

Kuhusu Colorado, mdogo wako anasema kweli na kuna la kujifunza, ingawa sio lile la simu. Simu kupiga kelele walianza 2012, minara ndo inarusha ujumbe kwa kila simu iliyopo eneo lile hata kama namba yao haijulikani, na siku hizi kwa mafuriko ni yale makali tu ndo yanapiga kelele, maana watu walishaanza kuzizima. Kwa theluji kuna ngazi ya kwanza ambayo ni kaa macho, inatoka siku moja mbili kabla, halafu inakuja ile ya kusema imeshafika au iko mlangoni. Lakini kinachonifurahisha mimi ni kwamba kwa kuwa Colorado ni milima, tahadhari zao za dhoruba ya theluji zinatolewa kwa urefu wa mlima. Wanaandika kabisa hii ni kwa walio juu ya futi 9,000, yani kama mita 2,700, na hii ni kwa walio kati ya futi 6,000 na 9,000. Wilaya moja, watu wawili wanaoonana kwa macho, kila mmoja na tangazo lake, kwa sababu kwa wa juu ni theluji na wa chini ni mvua. Natamani sana siku moja Lushoto na Mombo nazo ziandikwe hivyo, wa juu ya mita elfu moja hiki, wa chini hiki, na mto unaoshuka hiki.

Na kuna tofauti moja kubwa. Theluji ikidondoka mlimani inakaa. Inasubiri mpaka mwezi wa tano wa sita joto likija ndo inayeyuka, kwahiyo maji yale yamewekwa benki kwa miezi. Usambara haina benki hiyo, baridi yetu ya Juni na Julai ni ukungu na manyunyu tu, kinachonyesha juu saa kumi jioni kinaanza kutembea saa kumi jioni. Maji ya mafuriko kwenye mteremko yanakwenda mita mbili au tatu kwa sekunde, piga mahesabu ya kilomita 15 za mto unakuta saa moja na nusu mpaka mbili hivi. Mvua ikipiga Soni na huko nyuma yake kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili, wewe saa mbili usiku maji unayo. Ni saa ile ile uliyoniandikia.

Hata hao Wamarekani walijifunza kwa kuumia. Tarehe 31 Julai 1976, Colorado hiyo hiyo, kwenye bonde jembamba la mto Big Thompson, jioni ya likizo watu wamejaa na magari na mahema, mvua ya radi ikaganda juu ya milima bila kusogea, sehemu nyingine zikapata karibu milimita 300 kwa masaa machache. Chini ya bonde mvua ilikuwa ndogo. Walikufa watu zaidi ya 140, na wengi waliingia kwenye magari wakakimbia kufuata barabara kwenda chini, barabara inayopita pembeni ya mto, wakashindana na maji. Waliopona wengi ni walioacha gari wakapanda ukingo wa mlima kwa mikono na magoti. Baada ya hapo kwenye mabonde ya kule wakaweka vibao vya barabarani vinasema mafuriko yakija panda juu ujiokoe. Mimi nikipita barabara ya Mombo kwenda Lushoto, ile inayobana ukuta huku na korongo huku, kila mara nawaza vibao vile.

Kwahiyo mwanangu, kwako Mombo, usikimbie kufuata barabara wala kufuata mto. Tafuta leo mchana sehemu iliyo juu ya nyumba yenu, ya kufika kwa miguu gizani na mtoto mgongoni, isiyokulazimu kuvuka mfereji wowote wala daraja. Hata ikiwa ni mita kumi za kupanda tu inatosha. Utembee na watoto mara moja wajue. Na msivuke maji yanayotembea, sentimita 15 zinamwangusha mtu mzima, 30 zinalielesha gari dogo, na bodaboda haifiki hata huko. Ukiona maji yanaingia zima umeme kwenye meinswichi kabla hujakanyaga maji, na namba ya zimamoto na uokoaji ni 114.

Kuna kitu kimoja nakiomba kwa mama mkwe, na hiki ni kwa ajili yake yeye kwanza. Kwake juu hatari kubwa ni ardhi kumeguka kuliko mto. Desemba 3, 2023 kule Katesh, chini ya mlima Hanang, sehemu ya mlima ilimeguka baada ya mvua, tope likashuka na mawe na magogo, watu zaidi ya 80 wakafariki. Azungukie nyumba yake baada ya kila mvua ndefu. Akiona ufa mpya kwenye ardhi juu ya nyumba, miti au nguzo zimeanza kuinama, mlango uliokuwa unafunga vizuri umeanza kukwama, chemchemi imetoka mahali haijawahi kutoka au imekuwa tope, aondoke usiku huo huo asisubiri kuambiwa. Na mto ukipungua ghafla wakati mvua bado inanyesha, hiyo ndo mbaya kuliko zote, maana yake huko juu udongo umeziba na maji yanajikusanya nyuma yake, yakivunja yanakuja yote. Akiliona hilo akupigie wewe kabla hajafanya kingine, na wewe utoke unapiga kelele kwa majirani.

Halafu awe mpima mvua wako. Sio kitu cha gharama. Achukue kopo lenye pande zilizonyooka, la rangi au la maziwa ya unga, alikate mdomo wote uwe wazi, aliweke uwanjani mbali na bati na miti, alizungushie mawe lisianguke. Mvua ikikatika aingize rula ya mtoto wa shule mpaka chini asome. Wewe uliye chini na yeye mkubaliane namba. Mimi kwa mto kama huo ningesema milimita 30 ndani ya saa moja wewe unainua magunia na kuwavisha watoto viatu, 50 mnapanda hata kama nyota zinawaka Mombo nzima. Kama ardhi imeshalowa kwa wiki nzima punguza hizo namba. Mkikosea mkapanda bure, asubuhi mnashuka mnakunywa chai. Baada ya msimu mmoja mtakuwa mnajua mto wenu kuliko mimi, mtajua kopo likisoma ngapi maji yanafika wapi na baada ya muda gani, andikeni kwenye daftari, tarehe, saa aliyopima, saa mto ulipopanda, na alama ya mkaa kwenye nguzo ya daraja ulipofikia. Daftari hilo mpelekee mtendaji wa kijiji, aliweke kwenye kamati ya maafa ya kijiji, maana wenzako wengi wa kando ya mto huo hawana mama mkwe Soni.

Na mtandao wa simu huwa unakata mvua ikizidi, hilo mlijue. Mkubaliane kwamba akipima namba ya kuogopesha anatuma meseji na anapiga, na wewe ukiona amekaa kimya jioni yenye wingu jeusi juu ya Soni na simu yake haipatikani, hesabu hiyo nayo ni taarifa. Mtafutie mtu wa pili wa huko huko juu, jirani yake au dereva wa noa anayeshuka saa kumi na mbili, anayepita darajani na kuuona mto kwa macho. Ongea nao leo mchana wakati jua bado linawaka, wazoee sauti yako, na namba zao ziandike kwa kalamu ukutani karibu na mlango, juu ya pale maji yalipofika.